Hesabu ya Tanuri

"Hivi wewe siku zako unazihesabu kwa kitu gani?"

Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta mmoja, aliwahi kuniuliza hivyo tukiwa tunaanika nguo. Nikamjibu bila hata kufikiri, "Kwa tanuri."

Alicheka mpaka kibanio cha nguo kikamdondoka mdomoni. "Wenzako wanatumia kalenda, wewe tanuri ya mikate. Siku ikizimika utazeeka bila habari."

Tulicheka wote, yakaisha. Lakini nilichomjibu kilikuwa kweli tupu. Kiwandani kwetu kulikuwa na zamu nne, kila moja wiki nzima: kukanda unga, kuumba mikate, kuoka, na kufunga. Ukimaliza kufunga unarudi kwenye kukanda. Kwa miaka sita mwili wangu na ratiba ile vilikuwa vimezoeana kama ndugu. Nikifika zamu ya tanuri, Jumatatu au Jumanne, siku zangu nazo zinafika. Sikuwa na haja ya kuandika tarehe. Nikiona jina langu chini ya neno "tanuri", natia kitambaa kwenye mkoba, basi.

Sasa tanuri ya pili ilikuwa inapita, na kitambaa kilikuwa mkobani vilevile, kimekunjwa, kikavu.

Jumatano ya wiki hiyo nilirudi nyumbani saa nne asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Harufu ya hamira, ambayo miaka yote naipenda kuliko manukato, ilikuwa imenigeuka. Msimamizi wetu aliniona nimeshika ukingo wa meza, akanipokonya trei. "Dada Mikate, nenda nyumbani," akasema. "Ukiniangukia hapa mbele ya moto, nitawaambia nini watu wako?"

Nilifika uani moja kwa moja, nikainama kwenye mfereji wa maji machafu, nikatapika maji matupu. Nilipoinua uso, wifi yangu alikuwa amesimama mbele ya banda la kuku na bakuli la mayai mkononi, ananitazama.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake kwa kuku na mayai. Wachumba walikuja, akawaambia wasubiri kwanza mtoto amalize shule. Mtoto alipomaliza shule, wachumba walikuwa wameshaoa kwingine. Kwa hiyo mume wangu kwake si ndugu tu, ni kazi ya maisha yake. Mimi nilipoolewa nyumba ile, miaka minne iliyopita, alinipokea kwa salamu zote na heshima zote, ila jicho lake halikuwahi kubanduka kwangu.

"Wifi," akasema, "hicho ni chakula au ni habari?"

"Sijui, wifi."

"Hujui. Mara ya mwisho uliingia mwezini lini?"

Ningeweza kudanganya. Lakini uongo haukai usoni kwangu, na siku ile nilikuwa na hofu iliyonizidi nguvu. "Tanuri ya kwanza ilipita bila kitu," nikasema. "Na hii ya leo ni ya pili."

Hesabu yangu aliijua. Mtaa mzima uliijua, Mama Pacha alikuwa amelishughulikia hilo.

Uso wa wifi yangu ulifunguka. Sijawahi kuuona vile. Kwa kitambo kidogo alikuwa msichana, mwenye meno na mashavu. Kisha kitu kikampitia kichwani, na ule uso ukajifunga tena pole pole, nikiutazama. Akaweka bakuli chini, akaanza kukunja vidole.

"Tanuri moja ni mwezi."

"Ndiyo."

"Tanuri mbili ni miezi miwili."

"Ndiyo, wifi."

"Na ndugu yangu amerudi lini kutoka visimani?"

Mume wangu ni mchimbaji wa visima. Kiwandani wenzangu walimpa jina la Bwana Kisima tangu siku aliyokuja kunichumbia, na limemganda. Huondoka na wenzake na mitambo yao, wanakaa mbali miezi mitatu, minne, na safari ile walikaa mitano. Alirudi siku ya Ijumaa. Jumatano hiyo zilikuwa zimebaki siku mbili tu atimize wiki tano nyumbani.

"Wiki tano," wifi akajijibu. "Nilichinja jogoo mwekundu siku aliyofika, sisahau. Sasa niambie, wifi. Miezi miwili na wiki tano vinakaaje kwenye tumbo moja?"

Hesabu hiyo nilikuwa nimeshaifanya mwenyewe mbele ya moto, na si mara moja. Tofauti ni kwamba mimi nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Sijawahi kumjua mwanamume mwingine, na Mungu wangu ni shahidi. Kwa hiyo kwangu jibu lilikuwa moja tu: haikuwa mimba. Ilikuwa uvimbe, au damu imejifunga, au ugonjwa ule unaomla mwanamke ndani kwa ndani mpaka watu wanasema tu amekonda. Nilikuwa nimeomba kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, nikisema, Bwana, kama ni kifo nipe ujasiri wa kumwambia mume wangu.

"Naumwa, wifi," nikasema.

"Ugonjwa gani huo unaochagua asubuhi?"

"Dada."

Tuligeuka wote wawili. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani na spana kubwa ya mabomba mkononi. Alikuwa akitengeneza pampu ya jirani, nadhani alifuata kifaa. Muda gani alikuwa pale sikujua, lakini macho yake yalinieleza kwamba muda huo ulitosha.

"Dada, mayai yako yanapigwa jua," akasema.

Wifi akaokota bakuli. "Haya, mimi nimenyamaza," akasema. "Lakini vidole hivi nilikupikia, nikakufulia, nikakulipia shule kwavyo. Havijawahi kunidanganya." Akaenda zake chumbani kwake.

Tukabaki wawili. Niliyatazama macho ya mume wangu nikitafuta kitu, hasira au dharau, nijue pa kuanzia. Yalikuwa yametulia tu kama maji ya shimo refu.

"Umekula?" akaniuliza.

"Hapana."

"Kunywa chai hata kidogo. Kesho asubuhi tunakwenda zahanati."

Akachukua kifaa chake. Mume wangu ana desturi moja ambayo hata yeye hajui kama anayo. Kila akipita karibu yangu, hata kama anafuata chumvi, huniwekea mkono begani. Siku hiyo alipita tu.

*

Kesho yake, kwenye benchi la zahanati, tulikaa tukiwa na nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Mbele yetu kulikuwa na akina mama watano na watoto wao, na mzee mmoja aliyekuwa akikohoa ndani ya kofia yake. Ukutani kulikuwa na picha ya mama anayenyonyesha. Niliitazama, nikaacha, nikaitazama tena.

"Nilihesabu," mume wangu akasema.

Alisema taratibu, macho yakiwa sakafuni.

"Jana mchana, kwenye pampu. Nilihesabu mara tatu. Mara ya tatu nikakaa chini nikatumia vijiti."

"Ukapata nini?"

"Nikapata alichopata dada."

Machozi yalinijaa, lakini nilikataa yasidondoke mbele ya wale akina mama. "Basi umenileta hapa uthibitishe," nikasema. "Ungemleta na wifi ashike taa."

"Ngoja nimalize." Akajifuta viganja kwenye suruali. "Nimechimba visima miaka kumi na miwili. Kuna siku kipimo kinakwambia hapa hakuna maji, na udongo wenyewe unakwambia yapo. Wenzangu wanafuata kipimo. Mimi huwa naonja udongo. Sasa jana kila nikihesabu nilipata mtu ambaye simjui. Halafu nikikutazama jikoni unavyopanga vikombe, namwona mtu ninayemjua. Nikasema, mmoja kati ya hawa wawili ni wa uongo, na si yule wa vikombe."

Nikageuka nikamtazama.

"Sijakuleta nithibitishe," akasema. "Nimekuleta kwa sababu ulisema ukweli kwamba unaumwa, na hakuna aliyekusikia. Mimi nilisikia. Unaumwa wapi?"

Pale ndipo machozi yaliponishinda. Niliyaficha kwa upande wa kitambaa cha kichwa. "Naogopa," nikamwambia. "Kama hesabu ni miezi miwili na wewe una wiki tano tu, mimba haiwezi kuwa, basi ni kitu kibaya. Ninakufa na wewe umerudi juzi tu."

Akasogea. Ile nafasi ya mtu mmoja ikaisha. Mkono wake, mzito na wenye makovu ya minyororo, ukaja ukatua begani kwangu, mahali pake. Yule mzee wa kofia akatutazama, akaacha kukohoa kidogo, kisha akageukia ukuta kwa adabu.

"Dada Mikate!" nesi akaita kutoka mlangoni. Alikuwa akinunua mikate kwetu kila Jumamosi, ndiyo maana hakuhangaika na jina la kwenye kadi. "Ingia. Na huyo mlinzi wako aingie pia."

Nesi wetu ni mwanamke mfupi, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Haharakishi mtu. Nikakaa, mume wangu akasimama nyuma yangu.

"Tatizo, mpendwa?"

"Siku zangu zimepotea."

"Zimepotea au zimechelewa? Kupotea na kuchelewa si kitu kimoja." Akafungua daftari. "Na usidhani kila zikichelewa ni mtoto. Mwanamke akiwa na mawazo mengi zinachelewa. Akikonda ghafla au akinenepa ghafla, zinachelewa. Akiumwa, akitumia dawa fulani, akinyonyesha, umri ukisogea, zote hizo. Wengine ndivyo walivyoumbwa, leo siku ishirini na sita, mwezi mwingine thelathini na tatu. Wewe zako huwaje?"

"Hazijawahi kukosea. Kila wiki ya nne."

"Vizuri. Siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho ilikuwa tarehe ngapi? Siku ya kwanza kuona damu, siyo ya kumaliza."

Nesi akanitazama juu ya miwani.

"Tarehe siijui," nikasema. "Ilikuwa zamu ya tanuri. Halafu tanuri mbili zimepita bila kitu. Kwa hiyo miezi miwili."

"Tanuri ndiyo kalenda yako?"

"Ndiyo."

Nilitegemea acheke, lakini nesi hakucheka. "Nimeshapata wa mwezi wa mshahara, wa siku ya soko, na mmoja aliyekuwa anahesabu kwa mahubiri ya mchungaji," akasema. "Haya, nieleze tanuri yako inakwendaje."

"Zamu ni nne. Kukanda, kuumba, tanuri, kufunga. Wiki nne ni mzunguko mmoja."

"Tatu," mume wangu akasema.

Nikageuka. "Nne."

"Zilikuwa nne. Siku niliyorudi, jioni ile, ulikuwa unanisugua mgongo ukaniambia bosi ameajiri wanawake wawili wa kufunga tu, na nyie hamfungi tena. Ulifurahi sana. Ulisema kufunga kunakuchana vidole, ukanionyesha vidole. Nikavibusu." Akakohoa kidogo, akakumbuka kwamba nesi yupo. "Basi zamu zimebaki tatu."

Nilijiona mjinga, na papo hapo nikajiona nimefunguliwa kamba shingoni. Ilikuwa kweli. Wiki moja ilikuwa imenyofolewa kwenye mzunguko wetu, mwenyewe nikishangilia, na mimi nikaendelea kuhesabu kwa kipimo kile kile kama fundi anayepima kitambaa kwa futi iliyokatika. Na mtu pekee aliyeikumbuka wiki ile ni mwanamume ambaye nilidhani alikuwa amesinzia kwenye beseni huku mimi napiga soga.

Nesi alishainuka. Akashusha kalenda kubwa kutoka kwenye msumari, akaiweka mezani. "Wale wanawake wawili walianza kazi siku gani?"

"Jumatatu. Jumamosi iliyotangulia ndiyo bosi alitutangazia."

"Na wiki hiyo ya tangazo ulikuwa zamu gani?"

"Tanuri." Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Na nilikuwa kwenye siku zangu. Zilianza Jumanne. Nakumbuka tulimtania bosi kwamba angetangaza mapema, tumbo lisingeniuma."

Nesi akachora duara kwa kalamu nyekundu. Kisha akaanza kutembea na ncha ya kalamu juu ya tarehe, safu baada ya safu, midomo ikicheza. Mume wangu alikuwa ameinama juu ya bega langu. Pumzi yake nilikuwa naisikia shingoni.

"Leo ni siku ya arobaini na nne," nesi akasema. "Wiki sita na siku mbili. Si miezi miwili. Tanuri ya kwanza ilipokuja bila kitu hukuwa umechelewa hata kidogo, ilikuwa wiki ya tatu tu, mwili wako ulikuwa sawa sawa. Ulitakiwa uingie mwezini Jumanne hii hapa. Kwa hiyo umechelewa siku kumi na sita, na hilo ndilo la kulitazama. Chukua kikopo hiki. Choo kiko upande ule."

Nilirudi na kikopo. Nesi akachovya kijiti, akakilaza juu ya kipande cha pamba. "Dakika tano," akasema. "Msikitolee macho, hakiivi kwa kutazamwa."

Tukakitolea macho.

"Kikisema hapana?" nikauliza.

"Mtu akipima mapema mno, kinaweza kusema hapana na kumbe ndiyo, anarudi baada ya wiki moja. Wewe siku zimeshatosha, nitakiamini. Kikisema hapana tutatafuta sababu nyingine taratibu. Hakuna kufa leo."

Mstari wa kwanza ulitokea. Mume wangu alinishika bega kwa nguvu mpaka likauma, na sikutaka aache. Kisha, pembeni yake, kitu kama kivuli. Nikafunga macho, nikasema moyoni, Bwana, mapenzi yako, lakini kama hujali, nakuomba iwe ndiyo. Nilipoyafumbua, kile kivuli kilikuwa mstari, mwekundu, umesimama kando ya mwenzake kama bibi na bwana.

"Miwili," mume wangu akasema. "Ni miwili, nesi? Sioni vibaya?"

"Ni miwili, baba."

Alikaa sakafuni. Kiti kilikuwapo pembeni lakini hakukiona. Mtu wa kushuka futi mia ardhini bila kutikisika alikaa kwenye sakafu ya zahanati, akaegemeza kichwa chake magotini kwangu, na mabega yakaanza kumcheza. Nikaweka mkono juu ya kichwa chake. Nesi akajifanya anatafuta kitu kabatini kwa muda mrefu sana.

Aliporudi alinipa vidonge vya kuongeza damu, akaniandikia tarehe ya kliniki, akanieleza ya kuangalia. "Ukiona damu, au maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au kizunguzungu cha kuanguka, usisubiri tarehe, njoo mbio. Magunia ya unga basi. Nikusikie umebeba gunia nitakuja kiwandani mwenyewe. Na hii ndiyo karatasi yako. Nimeandika wiki sita."

Mume wangu aliinua kichwa. "Sita?"

"Sisi tunahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo siku ambayo mwanamke anaweza kuikumbuka. Mtoto mwenyewe aliingia kama wiki mbili baadaye. Kwa hiyo karatasi inasema wiki sita, lakini yeye hapo alipo ana wiki nne na kitu."

"Nne na kitu," mume wangu akarudia, na nikaona vidole vyake vikijikunja kimya kimya kando ya paja. Halafu akatabasamu.

*

Tulirudi kwa miguu, taratibu, kama watu waliobeba trei ya mayai. Nilipoona paa la nyumba yetu, furaha yangu ikaingiwa na baridi.

"Karatasi inasema wiki sita," nikamwambia. "Wewe una wiki tano. Atahesabu."

"Acha ahesabu."

"Wewe unaona rahisi."

"Sioni rahisi," akasema. "Lakini kilichonikalisha sakafuni nataka na yeye akipate. Ana haki yake."

Wifi alikuwa sebuleni, amekaa wima kwenye kiti cha mbao, mikono mapajani. Hakuwa amewafungulia kuku, walikuwa wakilalamika bandani. Nikajua hakulala vizuri na hakula.

"Shikamoo, dada," mume wangu akasema.

"Marahaba. Nipe karatasi."

Mume wangu akanitazama kwanza. Nikampa ishara kwa kichwa, akampa. Wifi akaisogeza mbali na macho, kama anavyosoma, akaifuata kwa kidole mpaka akafika.

"Mimba," akasema. "Wiki sita."

Mume wangu akavua viatu mlangoni.

"Heri ni sita, si nane," akasema. "Lakini sita si tano. Mdogo wangu, sijasoma kama wewe, lakini sita haijawahi kuwa tano."

"Ulinisomesha wewe," mume wangu akasema. "Kwa hiyo nitakujibu kwa kile ulichonisomeshea. Yule kuku wako mwenye kishungi, vifaranga vyake vilichukua muda gani?"

"Usinilete kwenye kuku, nazungumza mambo mazito."

"Nami pia. Muda gani, dada?"

"Siku ishirini na moja. Kuku wote ni siku ishirini na moja."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kuatamia, tangu lini tena?"

"Na kabla hajaatamia alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anataga. Alitaga wiki mbili nzima, nilikuwa naandika tarehe kwenye kila..."

"Mtu akikuhesabia tangu yai la kwanza," mume wangu akasema pole pole, "vifaranga vya kishungi vitakuwa vya wiki tano. Wewe utamwambia ni wiki tatu. Na wote mtakuwa sawa, na vifaranga ni vilevile. Nesi anahesabu tangu yai la kwanza. Mwanangu ameatamiwa wiki nne."

Nilichuchumaa mbele ya wifi, nikamwambia na yale mengine: kwamba kiwandani zamu ya kufunga iliondolewa, kwamba tanuri yangu ilikuwa inakuja kila wiki ya tatu na mimi nikaihesabu mwezi. "Kosa la kwanza ni langu, wifi," nikasema. "Nilikupa hesabu mbovu kwa mdomo wangu mwenyewe. Ulihesabu sawa kitu kisicho sawa."

Wifi yangu hakunitazama. Alitazama vidole vyake. Akavikunja kimoja kimoja, akavikunjua, akaanza upya kwa mkono mwingine. Hatukumharakisha. Mume wangu aliegemea mlango, na mimi goti lilianza kuuma lakini sikuinuka. Alipofika alipofika, mikono yake ilibaki wazi mapajani, kama imemwaga kitu.

"Jana nilisema maneno," akasema.

"Ulisema, wifi."

"Mbele ya mfereji, ukiwa unatapika."

"Ndiyo."

"Na ulisema unaumwa."

"Nilisema."

Midomo yake ilicheza, nikadhani yanakuja maneno mengine, ya kuomba radhi au ya kujitetea. Hayakuja. Niliona hayapati njia, na kwamba kumlazimisha ingekuwa kumvua nguo mtu mzima. Mungu hakuniagiza hivyo. Nikamshika goti kidogo, nikainuka.

"Ngoja nilete maji tuchemshe chai," nikasema, maana hakuna kati yetu aliyekuwa amekunywa kitu tangu asubuhi. Nikaenda jikoni nikachukua ndoo mbili, nikapitia sebuleni kuelekea bombani, ambako ni mwendo wa nyumba saba na kupanda.

Wifi alisimama. Alikuja akanikabili katikati ya mlango, kifua kwa kifua, na kwa mara ya kwanza tangu jana akaniangalia machoni, kisha tumboni, kisha machoni tena. Akanitoa vidole kwenye mpini wa ndoo ya kwanza, kimoja baada ya kingine, bila nguvu. Akafanya vivyo hivyo kwenye ya pili. Akavaa kandambili zangu badala ya zake, na ndoo zikigongana kando ya magoti yake, akatoka.